Baba Yako Amekula Nini Leo

Julai 6, Jumamosi

Amefika. Ana miaka kumi na mitano, mimi nina kumi na sita, lakini nimeamriwa kumwita dada kwa sababu baba yake alizaliwa kabla ya baba yangu. Pale uwanja wa ndege nikasema, "Karibu, dada Uyên," na yeye akanipa mkono kama afisa wa benki.

Kabla hatujatoka nyumbani Baba alituita mimi na Shangazi Cẩm jikoni, akafungulia bomba ili maji yapige kelele, akarudia yale yale. Bibi asijue. Baba mkubwa Khoát alifariki mwezi wa tatu huko Brno, nchi ya Wacheki, moyo ulimsimama akiwa ndani ya gari lake la mizigo. Wiki hiyo hiyo Bibi alikuwa hospitali, ametoka kupasuliwa moyo, na daktari akasema mshtuko mmoja tu utammaliza. Tukanyamaza tukingoja apate nguvu. Kila mwezi tunasema mwezi ujao. Bibi naye, tangu aliporudi nyumbani, anadai kumwona mwanawe mkubwa. Mwana hayupo, basi ametumwa mjukuu.

Kwenye teksi Baba alimweleza Uyên naye. Alisikiliza huku akitazama pikipiki zilizotuzingira, moja imebeba friji, moja imebeba watoto watatu na mama yao. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nimwambie yuko wapi?"

"Dukani," Baba akasema. "Mwambie kazi zimemzidi."

Bibi alimshika mashavu, akamnusa shavu la kulia, la kushoto, akarudia la kulia. Halafu, hata kabla hajamwambia akae, akamuuliza, "Baba yako amekula nini leo?"

Tulikuwa tumejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Shangazi akadakia kutoka kwenye ngazi kwamba Khoát anakula nini tena zaidi ya wali na nguruwe, tangu lini amebadilika.

Julai 7, Jumapili

Nimekabidhiwa kumtembeza. Nilimpeleka ziwani, na njia ya ziwani ina barabara moja tu kubwa, na pale ndipo tulipokaa mpaka nikaona aibu. Anaweka mguu mmoja chini ya ukingo, anaurudisha. Alikuwa akingoja pikipiki ziishe.

"Haziishi," nikamwambia.

"Zitaisha lini?"

Dereva mmoja wa pikipiki za abiria, aliyelala juu ya kiti chake miguu kwenye usukani, akafumbua jicho. "Dada, vuka tu, barabara haing'ati. Huyu wenu ni wa huku au wa huko?"

Nikamfundisha kama Baba alivyonifundisha mimi. Unatembea mwendo mmoja. Hukimbii, husimami, na zaidi ya yote hurudi nyuma, kwa sababu wao wameshapima utakapokuwa. Alinishika mkono kwa nguvu hata pete yake ikaniumiza. Tulipofika ng'ambo aliniachia haraka kama aliyeshika sufuria ya moto, akasema jiji hili lina kelele, lina joto, na nyaya zake za umeme zimesokotana kama nywele zisizochanwa. Nilitaka kumjibu. Nimepata jibu sasa hivi, nikiwa kitandani, na halifai tena.

Anaongea lugha yetu vizuri kuliko nilivyotarajia, ila anatumia maneno ambayo siku hizi huyasikii isipokuwa kwenye kanda za redio za zamani. Ni maneno aliyoondoka nayo baba yake.

Julai 9

Mvua. Bibi kauliza tena kwenye mlo wa jioni. Shangazi kajibu tena.

Julai 12, Ijumaa

Leo tumetukanwa sokoni.

Tulitoka mapema kabla ya joto. Uyên aliona kibanda cha vitambaa kinafunguliwa, akaingia, akashika skafu ya bluu, akaipima shingoni, akashika ya kijani, akauliza bei, akashukuru, akatoka. Nilikuwa nje nikisoma vichwa vya vitabu vya mitumba. Niliposikia harufu ya karatasi inayoungua nikajua kimetokea nini. Mwenye kibanda alikuwa amewasha gazeti, analizungusha mlangoni na kulipitisha juu ya bidhaa zake, huku akisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba kuna watu wanaamka asubuhi kuja kuwafungia wenzao riziki.

Uyên aliniuliza yule mama anachoma nini. Nikamweleza kwamba mteja wa kwanza wa siku ndiye anayeipa siku bahati au nuksi, na akishika-shika bila kununua, mwenye duka huchoma karatasi kuifukuza nuksi yake.

"Kwa hiyo amenifukuza mimi."

"Si wewe. Ni nuksi."

"Ameijuaje?" akauliza, na hakuwa anatania.

Tulirudi kupitia Hàng Mã, mtaa wa vitu vya karatasi. Huko hakuna anayeogopa mteja wa kushika-shika. Alisimama mbele ya simu za karatasi, pikipiki za karatasi, mashati yaliyokunjwa ndani ya maboksi kama ya kweli. Mwezi wa saba wa kalenda yetu, mwezi wa wafu, haujafika lakini maduka yameshajaa. Akataka kujua maiti anayepelekewa shati atajuaje ni lake. Nikamwambia juu yake unaandika jina na mahali alipozikwa, halafu unachoma. Lisipokuwa na jina linachukuliwa na mizimu isiyo na ndugu.

Uyên alishika boksi moja la shati kwa muda mrefu, akalirudisha.

Julai 15

Leo amejibu mwenyewe. Bibi alipouliza, Uyên akasema, "Supu ya kabichi na mkate mweusi." Bibi akatikisa kichwa, akasema kabichi inajaza upepo tumboni.

Julai 17

Maandazi ya viazi yenye kitunguu juu.

Julai 19

Bata wa kuoka. Mwenye duka la jirani alikuwa na sherehe, amemletea. Baba mkubwa alikula paja, akamwekea Uyên bawa mpaka arudi. Uyên anatunga kama mwandishi, na Bibi anasikiliza kijiko kikiwa hewani. Ninayesoma vitabu ni mimi, na sijawahi kutunga kitu kilichosikilizwa hivyo. Jambo hilo linanitisha kidogo. Baada ya kula Uyên alikwenda chooni akafungulia maji kwa muda mrefu.

Julai 22

Kimbunga kiko pwani. Upepo umeng'oa paa la bati la mama wa chai kwenye kona ya kichochoro. Maji yamefika ngazi ya kwanza.

Julai 24, Jumatano

Sijui nianzie wapi, lakini nisipoandika leo nitaandika uongo kesho.

Mchana Bibi alisukuma kikombe chenye dawa zake katikati ya meza. Akauliza ni mtoto gani asiyempigia mama yake simu tangu mwaka mpya, na kwamba asiposikia sauti ya Khoát leo, dawa hizo atawanywesha kuku. Hatufugi kuku. Shangazi akasema simu ya Khoát imeharibika. Akasema yuko mpakani kununua mali. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na Bibi akamtazama tu.

Baba alisimama akasema anarudi kazini kidogo. Nilimwona akimkonyeza Shangazi, nikaelewa. Baba na kaka yake wana sauti moja. Zamani watu wakipiga simu nyumbani walikuwa wanawachanganya, ilikuwa ni mzaha wa familia.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu simu ya Shangazi ilipolia. Bibi masikio yake hafifu, akaiweka sauti ya wazi, akaishika kwa mikono miwili mbele ya mdomo kama bakuli la supu.

"Khoát?"

"Mama."

"Mbona sauti imekwama?"

"Mafua, Mama. Huku kumepoa."

"Julai kumepoa?"

Nilikuwa natazama kifua cha Bibi, pale kwenye ule mshono unaoonekana juu ya kola. Kisha sauti ikasema, mvua tu, Mama, inanyesha sana. Hilo angalau lilikuwa kweli. Bibi akamwambia avae kitu kizito, asile akiwa amesimama, asilale na nywele mbichi. Kila neno sauti ile ilijibu ndiyo, Mama. Nilifikiri imekwisha, tumepona. Ndipo Bibi akamnyooshea Uyên simu. "Ongea na baba yako."

Shangazi alikuwa ameshika kitambaa cha meza, akakikunja, akakikunjua. Uyên hakusogea. Nilimwona anafanya vile alivyofanya siku ile barabarani: mguu mbele, mguu nyuma. Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kuangusha sahani. Mimi ni mtu ambaye siku zote hupata jibu usiku.

Akaichukua simu. Akazima ile sauti ya wazi, akaiweka sikioni, akageukia ukuta, akaanza kuongea Kicheki.

Hakuna mtu nyumbani anayejua Kicheki, Baba pia hajui. Alianza polepole kama anasoma. Halafu haraka. Nililitambua neno moja tu, táta, yaani baba, kwa sababu alilirudia na kulirudia, na kati ya maneno alikuwa ananyamaza kidogo, kama mtu anayesikia jibu. Hakulia. Bibi alikaa wima akimtazama mgongo. Alipomaliza alimrudishia Shangazi simu, akapanda ngazi.

Bibi akavuta kikombe cha dawa, akanywa zote.

Baba alirudi jioni ameloa chapachapa, akakaa kwenye ngazi bila kuvua koti la mvua. Nikamletea taulo. Nikamuuliza Uyên alisema nini.

"Sikuelewa hata neno," akasema. "Kila aliponyamaza, nilimwambia, ndiyo, mwanangu."

Julai 25

Hakuna anayemtazama mwenzake. Bibi kauliza. Uyên kasema, "Wali tu."

Julai 28, Jumapili

Imekuja kadi nyekundu. Bwana Tựu wa nyumba ya pili anamwoza binti yake Agosti 3, wanawahi kabla mwezi wa saba wa kalenda yetu haujaingia, kwa sababu mwezi wa wafu hakuna anayeoa. Bwana Tựu ndiye aliyembeba Bibi mgongoni hadi barabarani usiku ule moyo wake ulipomshika, gari la wagonjwa haliingii kichochoroni kwetu. Ni mtu ambaye hatuwezi kukosa harusi yake.

Shangazi alimwambia goti lake limevimba. Baba akasema ana zamu. Bwana Tựu akacheka, akasema basi Cẩm aje na goti lake, watalitafutia kiti. Shangazi alicheka pia, akakataa. Shangazi Cẩm, ambaye amewahi kwenda harusini na homa.

Bibi aliichukua kadi, akaisoma kwa kidole, akaiweka chini ya kioo cha meza.

Juu ya paa, tukianua nguo, Uyên aliniuliza kwa nini hatuendi. Nikamweleza kwamba aliyefiwa hapeleki nuksi yake kwenye harusi ya watu, hasa watu anaowapenda.

"Lakini sisi hatujafiwa," akasema. "Katika nyumba hii hajafa mtu. Hukusikia? Majuzi alikula bata."

Niliendelea kuanua. Mikono yake ilikuwa inabana vibanio kwenye kamba tupu, kimoja baada ya kingine. Nikaanza kubana naye. Nadhani nilikuwa nimekosea kuhusu lile jibu la kelele na nyaya za umeme. Nadhani siku ile alikuwa anaogopa tu.

Agosti 3, Jumamosi

Muziki kwa Bwana Tựu tangu asubuhi. Tumekula madirisha yamefungwa, jasho linatutiririka. Bibi alifungua lake, akasimama akitazama wageni wakipita na maua.

Kisha akaja mezani, akala, akanyanyuka. Leo hakuuliza.

Agosti 4

Hakuuliza.

Agosti 7

Hakuuliza. Shangazi anasema ndiyo dalili ya kupona, mtu akipona huacha kusumbua. Uyên alikuwa ametunga samaki wa kukaanga, nilimwona akimshikilia mdomoni mpaka chakula kikaisha.

Agosti 10

Sasa mimi na Uyên tunatembea kila asubuhi. Anapenda supu ya tambi ya yule mzee wa chini ya mti wa msufi, anakula amekaa kwenye kigoda cha plastiki magoti yamefika masikioni. Leo alivuka barabara ya ziwani peke yake, akanisubiri ng'ambo. Dereva yule yule akamwambia, "Haya, sasa wewe ni wa huku." Alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Tukirudi alisema anachoogopa zaidi ni kwamba uongo wake umekuwa mzuri mno, na kwamba sasa akimkumbuka baba yake humwona akila bata.

Agosti 14

Mvua. Bibi amekaa mlangoni kutwa.

Agosti 17, Jumamosi

Bibi alipotea leo.

Shangazi alikuwa mbele ya nyumba akiuza wali wa kunata, akatupia jicho ndani, kiti cha Bibi kitupu. Hayupo chumbani, hayupo kwenye paa. Dawa za asubuhi zilikuwa kwenye kikombe. Nje mvua ilikuwa inamwagika kama ya hasira, na huyu ni mtu anayepumzika mara mbili kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe. Shangazi akasema yeye abaki, Bibi asije akarudi kusiwe na mtu, Baba apigiwe simu, sisi tutoke. Alisema Bibi amesikia juu ya Khoát. Alilirudia neno hilo huku amekaa chini sakafuni, mikono imejaa wali. "Amesikia mahali. Amekwenda kufia njiani."

Mama wa chai, chini ya turubai lililochukua nafasi ya paa lake, alimwona. "Bibi yenu? Kapanda baiskeli ya abiria, kanyooka kama bi harusi. Kasema Hàng Mã, na mwenye baiskeli asimcheleweshe."

Tulikimbia. Kwenye barabara kubwa maji yalikuwa ya magotini, na pikipiki zinapita zikichana mawimbi. Mimi ndiye niliyesimama. Mimi niliyezaliwa hapa. Niliweka mguu, nikaurudisha, kwa sababu nilikuwa namwona Bibi ameanguka mahali na sikutaka kufika. Uyên akanishika mkono. "Mwendo mmoja," akasema. "Hurudi nyuma." Akanivusha.

Kesho ni siku kuu ya wafu, na Hàng Mã yote ilikuwa imefurika watu na mwavuli juu ya mwavuli. Tulipita duka baada ya duka. Nilisikia sauti yake kabla ya kumwona. Alikuwa anamgombeza muuzaji.

"Hili ni shati. Nimekuomba koti."

"Mama, makoti hakuna. Suti ninayo, na tai yake. Wafu wetu hawasikii baridi, wengine wote wanachukua mashati."

"Wangu kazikwa kwenye theluji," Bibi akasema. "Nitafutie koti. Na viatu vya kufunika kifundo."

Nilimtazama Uyên. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, sikujua ni yapi. Bibi aligeuka akatuona, akatutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Mmeloa. Mtaugua."

Nilikuwa natazama kifua chake. Akajipigapiga pale penye mshono. "Unautazama nini? Umenifikisha hapa."

Muuzaji alitutolea vigoda. Uyên akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyemwambia.

"Nani angeniambia, katika nyumba ya watu waoga hivyo?" Bibi alikuwa anakunja ncha ya mwavuli wake, polepole. "Kwenye simu nilitilia shaka. Đạt, baba wa huyu, nimemzaa mimi, namjua akidanganya. Lakini nikasema labda Khoát anaumwa, labda kafungwa, wananificha. Halafu Cẩm akakataa harusi. Tựu alinibeba mgongoni, na Cẩm akakataa kula wali wa harusi ya mwanawe. Goti. Nikajua tuna msiba. Sikujua wa nani mpaka nikakutazama wewe."

Tulificha kifo kwa miezi yote hiyo, tukamwiga marehemu kwenye simu, tukamlisha bata. Kupeleka nuksi kwenye harusi ya jirani tu ndiko kulitushinda.

Uyên akauliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Mama hamsujudii mwanawe, mimi siwezi kumchomea. Wewe ndiye mtoto wake. Nikaona siku ya wafu inafika na wewe wanakufundisha kutunga, nikaja kununua mwenyewe." Kisha akaniambia mimi nimpigie Baba simu aache kuzunguka jiji, na nimwambie atumie sauti yake mwenyewe.

Koti lilipatikana duka la tatu, la kike, lenye manyoya shingoni. Bibi alinyofoa manyoya hapo hapo.

Agosti 18, Jumapili

Asubuhi ilikuwa kavu. Shangazi hakuthubutu kumtazama Bibi, alikuwa anafuta madhabahu ambayo ilikuwa safi. Bibi akamwambia aache kusugua, alete picha ya Khoát. Baba akaileta kutoka kwenye begi la Uyên, ilikuwa imefungwa ndani ya sweta. Wakaiweka chini kidogo ya ile ya Babu.

Uyên aliandika jina juu ya boksi la koti na la viatu, jina kamili, na jina la makaburi ya Brno, na namba ya ukuta lilipo jivu lake. Mkono ulikuwa thabiti. Kichochoroni, ndani ya debe, akawasha. Bwana Tựu alitoka na bakuli la chai, akaona jina kwenye boksi kabla halijashika moto. Aliweka bakuli chini, akasimama kando yetu, kichwa kimeinama, hakumwambia Shangazi kitu chochote juu ya goti. Moshi ulizunguka kwenye nyaya za umeme kabla haujapata pa kutokea.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Hakuinamisha kichwa. Moto uliposhika viatu akauliza, bila kumgeukia mtu, "Siku ile alikula nini?"

Uyên hakutunga. "Mkate na soseji. Kwenye mlango wa gari, akiwa amesimama. Alikuwa anawahi soko. Nusu alinipa mimi, nikaitupa."

"Alikuwa hivyo tangu mtoto," Bibi akasema. "Sikuwahi kumkalisha akala."

Mchana nilisaidia kutenga. Niliweka mabakuli matano. Bibi akahesabu kwa macho, akaniambia niongeze la sita, na vijiti vyake. Nikaongeza. Dada Uyên akalijaza wali, akaushindilia kidogo kama anavyofanya Shangazi.

Tulipotaka kuanza, Bibi alituzuia. Akamwambia Baba alete kigoda.

"Leo atakaa," akasema.